Kijana nitakayemfundisha akiondoka, nitakuwa nimepata nini?

Swali: Ninaendesha karakana inayofunga na kukarabati viyoyozi na vyumba vya baridi. Nina mafundi 12, na watano kati yao wamevuka umri wa miaka 55. Wenzangu katika chama chetu cha waajiri wananihimiza niajiri vijana na kuanzisha uanagenzi, lakini kila nikipiga hesabu naona hasara: kijana anakuja bila ujuzi, anamla fundi wangu muda, anaharibu vifaa, na akishaiva mshindani wangu anamwongezea mshahara kidogo na kumchukua. Kwa nini nisitafute tu mafundi wenye uzoefu? Na kama ipo sababu ya kuwachukua vijana, nianze na wangapi?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu kabla ya kujibiwa kwa jambo lingine lolote. Wengi wanaowahimiza waajiri kuhusu vijana huanza na wajibu kwa jamii. Wajibu huo upo na nitaufikia, lakini karakana inayoshindwa kulipa mishahara mwisho wa mwezi haiwezi kumsaidia kijana yeyote. Msimamo wangu ni kwamba uanagenzi ulioandaliwa vizuri humlipa mwajiri, tena humlipa zaidi mwenye karakana kama yako, na kwamba ulioandaliwa vibaya huwa hasara kwa pande zote mbili. Kinachotofautisha hali hizo mbili mara chache ni kijana mwenyewe. Aghalabu ni saa za fundi ambazo mwajiri amekubali au amekataa kuzitoa.

Tuanze na njia unayoiona kuwa rahisi, yaani kumtafuta fundi mwenye uzoefu. Njia hiyo nayo ina gharama, isipokuwa gharama zake hazionekani mahali pamoja kwenye daftari. Kuna wiki ambazo nafasi iko wazi na kazi zinasubiri au zinakataliwa. Kuna muda wako na wa wasimamizi wako katika usaili. Kuna mshahara, ambao lazima uzidi ule anaolipwa sasa, kwa kuwa fundi mzuri karibu siku zote ana kazi tayari, na mara mafundi wako wa zamani watakapojua mgeni analipwa kiasi gani, nao watakuja kuzungumza nawe. Kuna pia miezi ya kumzoeza taratibu zako, na wakati mwingine ya kumwachisha mazoea aliyokuja nayo. Zaidi ya hayo, fundi huyo umemtoa kwa mwajiri mwingine, ambaye kesho atamtafuta wa kwako. Sekta nzima ikiishi kwa kunyang'anyana mafundi, idadi ya mafundi haiongezeki hata kwa mtu mmoja, na kinachopanda ni bei ya kila mmoja wao.

Katika fani yako kuna sababu nyingine ambayo ningependa uipime kwa makini. Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal (mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni), yaliyopitishwa Oktoba 2016 na kuanza kutumika Januari 2019, yanazitaka nchi zilizoyaridhia zipunguze hatua kwa hatua matumizi ya gesi za kupoza ambazo mafundi wengi wa leo walijifunzia kazi. Gesi kama R410A ina uwezo wa kupasha dunia joto unaozidi mara 2,000 ule wa kaboni dioksidi, na nafasi yake inachukuliwa na gesi nyingine, ikiwamo propani, R290, ambayo haina madhara makubwa kwa hali ya hewa lakini inashika moto. Kuifanyia kazi kunadai namna tofauti ya kupima uvujaji, ya kupitisha hewa mahali pa kazi na ya kufungua mfumo kabla ya kuchomelea mabomba. Fundi mwenye uzoefu wa miaka 20 ana mengi ya thamani, lakini huenda uzoefu wa gesi hizi hana, kwa hiyo utamfundisha huyo naye. Unapolinganisha fundi aliyeiva na kijana wa kufundishwa, jiulize ameiva kwa kazi za miaka ipi.

Nije kwa mafundi wako watano waliovuka miaka 55. Nilipolisoma swali lako, hapa ndipo niliposimama muda mrefu zaidi, kwa sababu umeitaja idadi hiyo kwa kupita tu, ilhali kwangu ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Watu hao wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mtengenezaji: chumba cha baridi cha mteja fulani kilifungwa na nani na kwa nini bomba lake lilipinda mahali pale, kompresa ipi hunguruma hivyo hata ikiwa nzima, na mteja yupi akisema mtambo umekufa maana yake ni kwamba mtu wake amezima swichi. Maarifa ya namna hiyo hayaandikiki kwa urahisi na hayahamishwi kwa semina ya siku mbili. Huhama mtu anapofanya kazi bega kwa bega na anayeyajua, akaona kosa likitokea na likirekebishwa, mara nyingi na kwa muda mrefu. Kumkamilisha fundi wa fani yako huchukua takribani miaka mitatu, na baada ya hapo anahitaji miaka kadhaa ya kukomaa. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo wa kwanza kati ya hao watano atastaafu, na utaona kwamba muda ulio nao ni mfupi kuliko ulivyodhani.

Sasa hesabu yenyewe. Gharama za mwanagenzi ni ujira wake, saa za fundi anayemfundisha, vifaa vinavyoharibika, na siku anazokuwa chuoni badala ya kazini. Upande wa pili ni kazi anayoifanya. Mwaka wa kwanza kazi hiyo ni ndogo, na mwajiri asidanganyike kwamba itakuwa vinginevyo. Mwaka wa pili anaweza kusafisha, kukagua na kuhudumia viyoyozi vya kawaida akiwa na fundi karibu. Katika mwaka wa mwisho, mwanagenzi aliyefundishwa sawasawa hufanya sehemu kubwa ya kazi za fundi huku bado akilipwa chini ya fundi, na hapo ndipo gharama za mwanzo zinaporudi.

Jambo hili limepimwa kwa miaka mingi katika nchi mbili zenye mila kubwa ya uanagenzi. Uswisi, ambako takribani theluthi mbili ya vijana huingia katika mafunzo ya ufundi na kazi baada ya elimu ya lazima, tafiti zilizorudiwa mara kadhaa zimeonyesha kwamba makampuni mengi hurudisha gharama zao zote kabla mafunzo hayajaisha. Ujerumani hali ni tofauti: kwa wastani mwajiri humaliza kipindi cha mafunzo akiwa ametoa zaidi ya alichopata, na hurudisha gharama baadaye kwa kubaki na fundi anayemfahamu na kwa kuepuka gharama za kutafuta mwingine. Watafiti waliolinganisha nchi hizo mbili waligundua kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na mambo mawili: ujira wa mwanagenzi ukilinganishwa na wa fundi, na kiasi cha kazi halisi anachopewa. Wajerumani walikuwa wakiwapa wanagenzi mazoezi mengi zaidi yasiyozalisha chochote, na Waswisi wakiwaingiza mapema katika kazi za wateja. Kwako funzo liko katika hilo la pili, kwa kuwa liko mikononi mwako. Mwanagenzi anayekaa pembeni akitazama ni ghali, na yule anayepewa kazi ya kweli iliyo ndani ya uwezo wake, kisha ikakaguliwa, hujilipia.

Nifike kwenye hofu yako kuu, ya mshindani atakayemchukua. Hofu hiyo ina msingi katika nadharia ya uchumi. Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1992, alieleza kwamba katika soko lenye ushindani kamili mwajiri hana sababu ya kulipia ujuzi ambao kila mwajiri mwingine anaweza kuutumia, na kwamba anayeulipia ni mfanyakazi mwenyewe, kwa kukubali ujira mdogo wakati wa kujifunza. Hoja hiyo ndiyo inayohalalisha ujira wa mwanagenzi kuwa chini ya ule wa fundi, mradi mafunzo ni ya kweli. Hata hivyo masoko halisi hayako hivyo. Wanauchumi Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke, wakiuchunguza uanagenzi wa Ujerumani katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba mwajiri aliyefundisha ana kitu ambacho mshindani hana, nacho ni kumjua mtu. Wewe umemwona kijana huyo kwa miaka mitatu. Unajua kama anasema ukweli anapokosea, kama anarudisha vifaa, kama mteja humwamini. Mshindani ana cheti mkononi na dakika 40 za usaili. Kwa sababu hiyo wale bora, ambao unajua thamani yao kabla ya mtu mwingine yeyote, unaweza kuwapa ahadi kabla hawajaonekana sokoni. Huko Ujerumani, zaidi ya asilimia 70 ya wanaomaliza katika miaka ya karibuni wamebaki na mwajiri aliyewafundisha.

Waajiri wengine hujaribu kuizuia hatari hiyo kwa mkataba unaomfunga kijana asiondoke kwa miaka kadhaa au arudishe gharama za mafunzo. Siipendekezi njia hiyo, na pengine sheria ya nchi yako haiiruhusu. Sheria ya mafunzo ya kazi ya Ujerumani, ya mwaka 1969 na marekebisho yake, inabatilisha makubaliano ya kumdai mwanagenzi fidia kwa ajili ya mafunzo yake, na pia makubaliano ya kumwekea mipaka ya kazi baada ya kumaliza, isipokuwa pale anapoahidi, katika miezi sita ya mwisho, kuajiriwa na mwajiri huyo. Uingereza ilipitia njia ya kumfunga mwanagenzi kwa sheria ya mwaka 1563, iliyodai miaka saba ya utumishi, na vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1814. Mtu anayebaki kwa sababu amefungwa hufanya kazi ya mtu aliyefungwa, na katika fani ambayo fundi huenda peke yake nyumbani kwa mteja, jambo hilo lina bei yake.

Kinachowafukuza wanagenzi waliomaliza, kwa jinsi nilivyoona katika makampuni niliyoyashauri, si ukarimu wa mshindani bali ni uzito wa mwajiri wao kukubali kwamba wamekuwa mafundi. Kijana anapata cheti mwezi huu, na mwezi ujao bado analipwa ujira wa mwanagenzi, bado anatumwa kubeba ngazi, bado anaitwa kijana mbele ya wateja. Mshindani hana kazi kubwa ya kufanya hapo. Miezi sita kabla hajamaliza, kaa naye, mwambie waziwazi kama una nafasi kwa ajili yake, mshahara wake utakuwa kiasi gani kuanzia siku ya kwanza ya ufundi, na mafunzo gani zaidi atayapata. Wachache bado wataondoka. Aliyeondoka vizuri, baada ya mwaka wa mwisho wa kazi yenye manufaa, hajakuacha na hasara, na wengine kati yao hurudi wakiwa wamejifunza zaidi, au hukuletea kazi wasizoziweza.

Jambo linaloamua mafanikio kuliko yote ni nani atakayefundisha. Usimchague fundi hodari kuliko wote bila kufikiri. Wapo mafundi ambao mikono yao hufanya kazi kwa haraka mno hata hawawezi kueleza kinachofanyika, na wapo ambao huona kila swali kuwa ni dharau. Mtafute yule ambaye wenzake humwendea wakikwama na ambaye hajibu kwa kumnyang'anya mwulizaji bisibisi. Nchi yenye uzoefu kama Ujerumani haikuliacha jambo hili kwa bahati: kwa kawaida kampuni inayofundisha lazima iwe na mtu aliyefaulu mtihani wa uwezo wa kufundisha kazi, mbali na ufundi wenyewe.

Ukishampata, mpunguzie kazi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo mipango mingi inapokufa kimyakimya. Ikiwa fundi huyo analipwa au anasifiwa kwa idadi ya mitambo anayoimaliza kwa siku, na wewe umemwongezea mwanafunzi bila kupunguza idadi hiyo, umemwadhibu kwa kufundisha. Atamtuma kijana kufagia karakana ili aende kazini peke yake haraka, na baada ya mwaka utasema kwamba vijana wa siku hizi hawajui kitu. Mwekee saa za kufundisha katika ratiba ya wiki, mlipe nyongeza kwa jukumu hilo, na umtake akuletee kila mwezi maelezo mafupi ya kile ambacho mwanagenzi sasa anaweza kufanya peke yake. Wale watano waliokaribia kustaafu wanafaa sana kwa jukumu hili, kwani kupanda juu ya paa kunazidi kuwaelemea mwaka hadi mwaka, na wengi wao hufurahi kuombwa wapitishe wanachokijua.

Mpango wa mafunzo usiwe orodha ya mada iliyonakiliwa kutoka chuoni. Uandike kwa kazi zinazoingia kwako. Kwa karakana yako ningependa kijana aanze kwa kukata, kupanua na kukunja mabomba ya shaba ya mabaki, kwa kuwa hapo akiharibu anaharibu chakavu; kisha ausome mchoro wa umeme na kutumia mita akiwa kwenye mtambo uliozimwa; kisha kusafisha na kuhudumia viyoyozi vya kawaida; kisha kuchomelea, kupima uvujaji kwa naitrojeni, na kuvuta hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kujaza gesi. Kutafuta chanzo cha hitilafu kuje mwisho, kwa sababu ndiko kunakodai yote yaliyotangulia. Kwa mpangilio huo, uharibifu wa vifaa unaouogopa hutokea zaidi kwenye vitu vya bei ndogo. Na siku zake za chuoni zisiguswe hata kazi zikizidi, kwani nadharia ya chuoni ndiyo itakayomwezesha kuelewa mtambo ambao hajawahi kuuona.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa kila nchi ina zake na wewe ndiye utakayeziuliza katika mamlaka ya kazi na ya mafunzo ya ufundi. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kazi za hatari, na unaruhusu miaka 16 pale tu ambapo usalama umelindwa kikamilifu na kijana amepewa mafunzo mahususi ya kutosha. Moto wa kuchomelea, umeme na kazi za juu vyote vinaingia humo. Wafanyakazi wapya, wa umri wowote, huumia zaidi katika miezi yao ya mwanzo, kwa hiyo usimamizi wa miezi hiyo usilegezwe kwa sababu yoyote. Shirika hilohilo lilipitisha mwaka 2023 Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, linalotaka makubaliano ya maandishi, ujira wa haki, ukomo wa saa za kazi na kinga dhidi ya ajali. Uliza pia kama kuna ruzuku au tozo ya mafunzo unayochangia tayari bila kudai sehemu yako.

Niliahidi kufikia wajibu kwa jamii. Kwa takwimu za Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2023 vijana milioni 64.9 wenye umri wa miaka 15 hadi 24 walikuwa wakitafuta kazi bila kuipata, na kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, wala shuleni, wala katika mafunzo yoyote. Kuanza maisha ya kazi kwa miaka mitupu hakuishi siku ajira inapopatikana: athari yake huonekana katika kipato cha mtu kwa miaka mingi baadaye. Tangazo linalodai uzoefu wa miaka mitatu kwa kila nafasi, likiwekwa na kila mwajiri, linamwambia kijana kwamba hakuna mlango wa kuanzia, na jambo hilo linaniumiza kila ninapoliona. Theluthi mbili ya vijana hao walio nje ya kazi na masomo ni wanawake, na fani yako huwaacha bila hata kuwatazama. Mwajiri anayetafuta wanagenzi kati ya wavulana pekee analalamika juu ya uhaba baada ya kuligawa soko nusu kwa hiari yake.

Katika kuchagua, alama za shule zikusaidie kujua kama mtu anaweza kusoma mwongozo na kukokotoa, basi. Waalike watatu au wanne waje karakanani kwa siku chache, kwa malipo, na uwape kazi ndogo inayohitaji kurudiwa. Mtazame yule ambaye, baada ya kuelezwa kosa lake, anafanya mara ya pili tofauti na mara ya kwanza. Kisha weka kipindi cha majaribio kinachoruhusiwa na sheria. Ujerumani ni mwezi mmoja hadi minne, na miezi minne inatosha kwa pande zote mbili kujua.

Kuhusu idadi, usianze na wanne kwa sababu chama kinasubiri picha. Kwa mafundi 12 ningechukua mmoja mwaka huu, nikamwona fundi mfundishaji akiizoea kazi yake mpya, na mwakani nikamwongeza wa pili, ili wa kwanza, akiwa mwaka wa pili, amwonyeshe mgeni namna ya kukunja bomba, jambo litakalompunguzia mfundishaji mzigo na litakalomwimarisha yeye mwenyewe. Mwaka wa tatu ongeza mwingine ikiwa kazi zipo. Na ikiwa, baada ya kuisoma ratiba yako ya miezi 12 ijayo, unaona huwezi kumtoa fundi yeyote hata saa chache kwa wiki, basi ahirisha hadi uweze, na kwa sasa umwajiri kijana aliyemaliza chuo kwa mshahara kamili wa anayeanza.